Siku ya Tano

Ufukweni Kilwa Masoko, changu akitolewa majini hutupwa ndani ya dau, akatapatapa mpaka akatulia, wala hakuna amwitaye mvuvi katili. Nami humla bila kuuliza.

Wapo waulizao. Katika maabara za ng'ambo hufugwa kisamaki mwenye milia, asiyezidi urefu wa kidole, asili yake mito ya Bara Hindi. George Streisinger wa Oregon, Marekani, ndiye aliyemwingiza katika utafiti wa mishipa ya fahamu. Kitoto chake ni angavu kama kioo. Ubongo waonekana ukifanya kazi naye yu hai. Mwaka 2013, huko California, vitoto vilivyozaliwa na kasoro iletayo kifafa vilijaribiwa dawa nyingi, na moja ya zamani, ya mzio, ikavituliza.

Sheria ya Uingereza humlinda kisamaki huyu tangu aweze kujilisha mwenyewe, yaani siku ya tano hivi. Mpaka huo wanisumbua. Kati ya usiku wa nne na asubuhi ya tano, kimeingia nini? Kuweza kula si kuweza kuumia.

Lakini nimemshika mpwa wangu akianguka kifafa, povu mdomoni, majirani wakiogopa kumgusa. Saa ile ningetoa samaki elfu, wa siku yoyote. Hilo halithibitishi kwamba ni haki. Laonyesha tu nampenda nani. Na changu wa jana hakumponya mtu. Wala sikuwa na njaa sana.