Mguu wa Bandia: Sadaka au Deni?

Mtu akikabidhiwa mguu wa bandia mbele ya kamera, wengi husema amepewa sadaka. Mimi nasema amelipwa deni, tena sehemu tu ya deni, na anayesomea ufundi wa viungo bandia hufundishwa hivyo na kazi yenyewe. Katika TATCOT, chuo cha mafundi hao kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 penye hospitali ya KCMC, mguu huanzia kwenye kigutu cha mtu mmoja: kinazungushiwa bandeji ya plasta, umbo lake linachukuliwa, kisha plasta ya umbo hilo inapunguzwa pale nyama inapostahimili uzito na kuongezwa penye mfupa unaouma, ndipo soketi, sehemu inayovalishwa kigutu, inapofinyangwa. Sadaka hufuata uwezo wa mtoaji. Soketi hufuata mwili wa mvaaji. Na mwili hautulii. Kigutu husinyaa miezi ya mwanzo, mtoto naye hurefuka. Mvuvi wa Ukerewe aliyekatwa mguu kwa kisukari, akapewa wa bandia kisha akasahauliwa, atausukumia uvunguni na kurudia magongo. Mtoaji, nadhani, anajihesabia thawabu bado.

Wapo wasemao kilema ni mapenzi ya Mungu, basi mja ashukuru kwa chochote. Dini zetu hazikubali wepesi huo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari za Arfaja, aliyepoteza pua vitani. Ile ya fedha aliyojiwekea ilipomnukia vibaya, Mtume alimwambia aweke ya dhahabu, madini ambayo wanaume wamekatazwa kuyavaa. Hitaji la mwili lilitangulia katazo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, Yesu anakataa kumhesabia dhambi kipofu au wazazi wake, halafu anamponya.

Pingamizi zito ni umaskini: nchi italipaje isichonacho? Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010, deni limeandikwa. Kurani (2:280) inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na inasifu kusamehe, lakini kusamehe ni hiari ya anayedai. Muda huo basi utumike vizuri. Wanaopanga bajeti za afya Mwanza na Kanda ya Ziwa nzima watenge kwanza mshahara wa fundi na fungu la soketi za kubadilisha. Sherehe za kukabidhi miguu zinaweza kusubiri.