Mwongozo Umo Humo Mapajani

Mjukuu wangu, weka simu chini unisikilize. Nguvu za kugombeza sina tena. Ila hili nimelisema, na leo nalirudia: usihangaike kuuliza mtandaoni jambo ambalo mashine yako yenyewe inalijua.

Mei 2024 umeisahau? Kimbunga Hidaya kimepita, na tarehe 12 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Ukakaa hapa barazani kwetu Mtanda, kompyuta mapajani, ukingoja mtandao urudi ili ujue amri ya tar inafunguaje faili. Na mwongozo wa tar umo humo mapajani! Unafungua terminal, unaandika man tar, basi. Wala huna haja ya kuusoma wote: bonyeza mkwaju (/), andika neno unalolitafuta, gonga Enter; n itakupeleka linapotokea tena, q itakutoa. Jina la amri hulijui? Andika man -k na neno moja la Kiingereza. Kiingereza kizito, najua. Mimi husoma na kamusi pembeni.

Sasa lile lililokutoa jasho jana kwenye Mac ya kuazima. Umemimina ukurasa wa mwongozo kwenye faili, ukakuta herufi zimejirudia na ^H katikati, ukasema virusi. Virusi gani, baba? Sisi tuliopiga taipu tunaijua hiyo. Ukitaka neno likolee, unarudi nafasi moja nyuma, unagonga herufi ile ile juu yake. Ukitaka kulipigia mstari, unarudi nyuma vilevile. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotoa mwongozo wa kwanza wa Unix, Novemba 1971 kule Bell Labs, mitambo waliyokuwa wakiitumia ilichapa kwenye karatasi. Joe Ossanna akatunga programu ya nroff, ikapanga maandishi kwa kugonga namna hiyo, na kioo kimeurithi mtindo huo. Programu ya less, inayokuonyesha mwongozo kiooni, ikikutana na herufi iliyogongwa mara mbili, inakuonyesha imekolea. Faili ya maandishi tu haina wa kuitafsiria, ndiyo maana ukaona takataka. Upitishe ukurasa kwenye col kwanza: man ls | col -b > ls.txt. Kwenye Linux nyingi za leo, man inazisafisha herufi hizo yenyewe.

Na msijione ninyi vijana ndio wenye kompyuta. Wale mabwana wa Bell Labs walinunuliwa kompyuta ya PDP-11 kwa ahadi ya kuwapangia makarani wa hataza nyaraka zao. Kazi ya taipisti ile!

Jingine, nimalize nikapumzike. Programu uliyowaandikia watu wa chama cha ushirika, AMCOS, kwa ajili ya mizani ya korosho, ukirudi chuoni nani atawaeleza? Iandikie ukurasa wake, na huo uandike kwa Kiswahili. Mstari wa juu .TH, jina na namba 1, maana sehemu ya 1 ni ya amri, kila kichwa .SH, neno la kukoleza .B. Uhifadhi kwa jina mizani.1, uutazame kwa man ./mizani.1. Nionyeshe kabla hujapanda basi.