Bei ya Samaki wa Kisale

Katika soko la Kamina huuzwa samaki wakavu wa ziwa Kisale, wapitao Bukama. Wengine ni wakubwa, waliovuliwa kwa nyavu za matundu mapana. Wengine ni vitoto, vilivyokokotwa kwa chandarua, kitu kilichogawiwa ili kuzuia malaria. Bei yao ni ndogo. Je, mnunuzi yampasa kulipa zaidi? Mjane mwenye watoto wenye njaa hapaswi, wala asihukumiwe. Lakini mwenye mshahara, akichagua vitoto ili abakize fedha ya pombe, amelipa nusu tu ya bei. Nusu ya pili atalipa mvuvi wa Kisale, siku atakapovuta wavu wake nao ni mtupu.