Ini la Mume ni la Nani?



Mama mmoja wa huku kwetu, si mbali na Mto Chania, alinijia siku moja baada ya ibada ya Jumapili akiwa na shtaka zito. "Katekista," alisema, "mume wangu amepata mwanamke mwingine." Nilimwuliza amejuaje. Alinijibu kwamba kwa miezi minane mumewe hakuwa amemkaribia. Tena alikuwa analala na shati na sweta, na taa ilizimwa kabla hajabadilisha nguo. Hata mchana, katika jua la Thika, hakuvua koti.

Bila kufikiri sana, nilimwita yule baba nikamkumbusha amri ya sita. Alinisikiliza hadi mwisho, akaondoka bila kusema neno. Siku hiyo nilikosa, maana nilihukumu kwanza na kuuliza baadaye. Wiki chache zikapita, tumbo lake likavimba na macho yakawa ya manjano. Alipopelekwa hospitali, ndipo mkewe alipoona alichokuwa akificha. Mumewe alikuwa ameota matiti.

Hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa na ini bovu, na aibu.

KAZI YA INI

Wengi wetu tunadhani kwamba estrojeni ni homoni ya wanawake peke yao. Sivyo. Kila mwanamume anayo kidogo, na anaihitaji, kwa mfano ili mifupa yake iwe imara. Mwili wake huitengeneza kutokana na homoni za kiume, hasa katika mafuta ya mwili, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho aromatasi.

Homoni ikishafanya kazi yake ni lazima iondolewe. Hapo ndipo ini linapoingia. Estrojeni huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo haiwezi kutoka kwa urahisi katika mkojo. Ini huibadilisha umbo hatua kwa hatua, kisha huifunganisha na salfeti au asidi ya glukuroniki. Baada ya hapo inayeyuka katika maji, na hutolewa kwa njia ya mkojo na nyongo. Ile inayopitia nyongo hufika utumboni, ambako vijidudu huweza kuifungua tena, na sehemu yake ikarudi katika damu. Basi ini halipumziki. Leo linasafisha, na kesho linasafisha tena.

Ini likijaa makovu, kazi hii huharibika. Homoni zilizopaswa kuondolewa hubaki katika damu, na nyingine zinageuzwa kuwa estrojeni. Pombe nayo hudhuru korodani moja kwa moja, hivyo homoni ya kiume hupungua. Upande mmoja wa mizani unapanda na mwingine unashuka. Mwanamume huweza kuota matiti, viganja vyake vikawa vyekundu, nywele za kifua zikapungua, korodani zikasinyaa, na hamu ya tendo la ndoa ikatoweka.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1949 daktari J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya homoni kuvurugika kwa Waafrika, akilihusisha na ini lililodhurika. Na sisi wa Kiambu na Murang'a tunakumbuka mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe haramu ziteketezwe. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wamelia hadharani kwamba nyumba zao hazina tena waume wala watoto wachanga. Wengine waliwacheka. Lakini akina mama hao walikuwa wakisema jambo ambalo daktari yeyote angelithibitisha.

SI KILA INI BOVU NI LA MLEVI

Hapa nawaomba tuwe waangalifu. Ini huharibiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoweza kupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Linadhuriwa pia na sumu ya ukungu wa mahindi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 Ukambani na sehemu za jirani, na wilaya ya Thika ilikuwa kati ya zilizoguswa. Hao walikula ugali tu. Tena matiti ya mwanamume yanaweza kuletwa na dawa fulani, hata zile anazopewa mgonjwa wa ini ili kupunguza maji tumboni. Vijana wanaobalehe nao huweza kuvimba kwa muda. Basi usimwone mtu ukamhukumu. Na mwanamume akihisi uvimbe mgumu katika titi, aende kwa daktari mapema, maana saratani ya matiti huwapata wanaume pia.

MWILI NI WA NANI?

Yule baba, kabla hajaugua, alikuwa akiwajibu waliomwonya, "Ninakunywa kwa pesa zangu, na ini ni langu." Je, alisema kweli?

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba katika ndoa mwili wa mume umekabidhiwa kwa mke, na wa mke kwa mume. Wapo wanaume wanaolitumia fundisho hilo kudai haki yao usiku, lakini hawalikumbuki wanapoketi kilabuni. Kama mwili wako ni wa mkeo saa nne ya usiku, ni wake pia saa kumi ya jioni, glasi inapojazwa.

Mtu atauliza, je, basi mke ndiye mwenye ini, aliamuru apendavyo? Hapana. Mfikirie mtu aliyewekewa ng'ombe na jirani yake. Atakamua maziwa, lakini hana ruhusa ya kumchinja wala ya kumwacha afe njaa. Mwenyewe yupo. Miili yetu ni ya Mungu, naye ameiweka mikononi mwetu wawili. Kwa hiyo mume hana haki ya kuuangamiza mwili wake, na mke hana haki ya kuudharau.

NI DHAMBI AU NI UGONJWA?

Huweza kuwa vyote viwili, na kila kimoja kina dawa yake. Kitubio hakiondoi makovu ya ini, wala hospitali haiponyi uongo. Glasi ya kwanza mtu huichagua. Ya elfu moja humchagua yeye. Uhuru wake umepungua, lakini haujaisha kabisa, maana bado anaweza kusema, "Nisaidieni." Kukosa hamu kwa sababu ya ugonjwa si dhambi, wala si dalili kwamba upendo umekwisha. Kosa la baba huyu lilikuwa kuficha, hata mkewe akalia miezi minane akidhani hapendwi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nanyi mnaocheka, "Amegeuka mwanamke," fikirini mnachosema. Hamjamtukana yeye peke yake. Mmewatukana mama zenu, kana kwamba kuwa mwanamke ni aibu.

Je, kiapo cha ndoa chamtaka mke anyamaze? Hapana. Aliahidi kuwa naye katika ugonjwa, hakuahidi kumnunulia pombe wala kumsitiria uongo. Ampeleke akapimwe, amwambie ukweli wakiwa wawili, si mbele ya watoto. Akipigwa, ajiokoe yeye na watoto. Kanisa halimwagizi avumilie kipigo. Na aliyezoea pombe kali asiiache ghafla bila daktari, maana huweza kupatwa na kifafa. Ini lililoanza tu kujaa mafuta huweza kupona akiacha, bali makovu ya siku nyingi ni vigumu kufutika.

Baba yule aliacha pombe. Makovu yangalipo, na daktari hakumdanganya. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Mkewe aliniambia kwamba jioni moja mumewe alivua shati mwenyewe, taa ikiwaka, akamwomba amwogeshe mgongo. Walilia wote wawili. Naamini usiku ule walitimiza kiapo chao kuliko siku ya arusi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kuna badiliko gani la mwili ninalomficha mwenzangu, na ninaogopa nini?
2. Je, nimewahi kuuita ugonjwa wa mwenzangu kukosa upendo?
3. Tutakwenda lini kupimwa ini, sisi wawili pamoja?