Je, Ilikuwa Halali Kuikata Kanda?

Safari hii tumeombwa tuandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mliliona kwa macho, na wengine mmelisikia likisimuliwa vibaya bombani. Ni habari ya deki ya kanisa iliyomeza kanda ya mjane mwezi wa Agosti 2022. Tumelifikiri jambo hili kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na bado halijatutoka moyoni.

Familia 12 za ushirika wetu zilikuwa na kanda za video zilizovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata, zimefungwa ndani ya mifuko ya nailoni katikati ya nguo. Arusi, ubatizo, kwaya, mazishi. Watoto waliozaliwa huku hawajapata kuiona nyumba ya babu yao isipokuwa humo. Kijana mmoja wa mjini alikubali kuja na kompyuta yake azinakili kwenye flashi kwa bei ya kindugu, tangu Alhamisi asubuhi mpaka Jumamosi asubuhi gari lake litakapoondoka. Kanisa likatoa jenereta, runinga, na deki yetu iliyokuwa imelala kabatini zaidi ya miaka kumi. Kunakili kanda si kama kutuma picha ya simu. Saa moja ya kanda yataka saa moja ya kukaa mbele yake. Basi tukapatana kila familia ichague saa moja tu.

Tueleze kidogo jinsi deki inavyofanya kazi, maana bila hilo ugomvi wetu hautaeleweka. Kanda ikisukumwa ndani, hushuka, kifuniko chake cha mbele hufunguka, na mikono miwili midogo huingia nyuma ya utepe, ikauvuta nje na kuuzungusha kwenye ngoma ya chuma inayong'aa. Ngoma hiyo imeinama upande kidogo, nayo katika deki za huku kwetu huzunguka mara 25 kwa sekunde. Ubavuni mwake mna vichwa vidogo mno vinavyosoma picha. Mikono ile huendeshwa na mota, na katika deki yetu nguvu ya mota hupitia kwenye mpira mwembamba wa duara. Mpira ukizeeka hulegea na kuwa laini kama kioo. Mota huzunguka, mpira huteleza, mikono husimama nusu ya njia. Deki nayo ina akili kidogo: ikingoja sekunde chache na kuona mikono haijafika, hujaribu kurudi nyuma, ama hujizima.

Ishara zilikuwepo tangu asubuhi. Kanda ya kwanza ilitemwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Ya pili mara tatu. Tukacheka, tukasema deki inaona haya kwa kuwa haijaona wageni siku nyingi. Ya tatu ikapita. Ya nne ilikuwa ya mama mmoja mjane, arusi yake ya mwaka 1994. Mikono ikauvuta utepe, ikasimama. Ikasikika sauti ya mota ikizunguka bure. Hapo mtu mwenye busara angechomoa waya. Sisi tulibonyeza. Tukazima, tukawasha, tukabonyeza tena. Tunasema sisi kwa maana halisi, maana kidole kilikuwa cha mchungaji wenu. Kila tulipobonyeza mikono ilirudi kidogo na utepe ukalegea zaidi, mpaka ukajiviringisha kwenye mhimili ulio chini ya gurudumu la mpira. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Sasa hoja za wazee, nasi tunataka kuzitendea haki, kwa sababu hawakuwa watu wabaya na hakuna aliyesema kwa hasira. Wa kwanza alisema deki kama hii haitengenezwi tena popote. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana, cha Funai huko Japani, kiliacha kuzitengeneza mwezi wa Julai 2016. Ikivunjika hatuna nyingine, na familia 8 zinangoja. Tukate utepe kwa mkasi, tuvute mabaki, dakika kumi yamekwisha. Wa pili alisema mama atalipwa, kanisa si mwizi. Wa tatu, shemasi tunayempenda sana, alisema heri apoteze mmoja kuliko kupoteza wanane.

Maneno hayo ya mwisho yalitushtua, maana tuliyajua yalikotoka. Katika Yohana sura ya 11 ni shauri la Kayafa. Baraza liliwaogopa Warumi, naye akatoa hesabu rahisi, mmoja kwa ajili ya taifa. Yohana anaeleza kwamba alikuwa akitoa unabii pasipo kujua, na ni kweli wokovu wetu ulipitia hapo. Lakini kwamba Mungu aliligeuza shauri lile likaleta heri, hilo halimfanyi Kayafa kuwa mwalimu wetu wa hesabu. Kayafa hakumtoa Kayafa. Tangu siku ile, tukisikia mtu akisema mmoja apotee, tunaangalia kwanza kama anayesema yumo katika hatari ya kuwa huyo mmoja.

Na ile habari ya malipo? Tulikumbuka shamba la Nabothi. Watu hukumbuka Yezebeli na mawe, wakasahau kwamba mwanzoni Ahabu alitoa bei nzuri kabisa: shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akaenda kulala kitandani amekunja uso, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu ambacho mwenyewe ana haki ya kutokiuza.

Tulibishana karibu saa nzima. Tunaona aibu kuandika sentensi inayofuata. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya dirisha, anasikia kila neno, na hakuna aliyemwuliza. Aliyetukumbusha ni fundi, mzee wa kanisa jirani aliyekuwa na kibanda cha redio ng'ambo ya ziwa. Alikuwa tayari amefungua skrubu za mfuniko, akainua uso akasema, "Mwenyewe anasemaje?"

Mama akaingia. Alisema, "Wachungaji, picha ya baba watoto ninayo nyingine. Sauti yake sina nyingine, iko humo." Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini na hawa wenzangu nao wana watu wao. Fundi afanye anavyoweza. Ikifika alfajiri haijatoka, nileteeni mkasi nikate mwenyewe. Ninyi msinikatie."

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa mambo mengi juu ya dhabihu, na hatukumbuki mwalimu yeyote aliyelisema jambo hili wazi kama mama yule. Kitu kile kile, kwa mkasi ule ule, kikikatwa na mwenyewe ni sadaka, na kikikatwa na sisi ni unyang'anyi, hata kama faida kwa wale wanane haina tofauti hata ya dakika moja. Wako watakaosema tofauti hiyo ni ya maneno tu. Hao hawajawahi kukatiwa kitu.

Usiku ule tulisoma Yona sura ya 1. Kura ilikuwa imeshamwangukia Yona, naye mwenyewe amewaambia mabaharia wamtupe baharini. Ruhusa wanayo. Lakini wale watu wa mataifa, wasiomjua Bwana, walipiga makasia kwa nguvu kwanza ili wairudishe merikebu pwani. Walijaribu mpaka wakashindwa, ndipo wakamtupa, tena kwa kuomba wasihesabiwe damu yake. Sisi tuliovuka ziwa usiku tunajua kupiga makasia dhidi ya mawimbi ni kazi gani. Na tunajua jambo jingine ambalo hatulisemi sana. Mtumbwi ulipoanza kuingiza maji mwaka ule wa 1996, mizigo ilitupwa. Ilikuwa lazima, hatulaumu. Lakini mzigo wa nani ulianza? Ulianza wa yule asiyekuwa na kaka mkubwa mtumbwini. Tulikuwa kijana mdogo, tuliona, na mzigo wetu haukutupwa.

Basi tukamwacha fundi apige makasia. Alichomoa waya wa umeme. Hakugusa ngoma kwa kidole, maana mafuta ya ngozi hudhuru vichwa, na pamba aliikataa kwa sababu nyuzi zake hunasa hapo. Alitumia kipande cha ngozi laini na spiriti, akifuta kwa upande tu, kamwe si juu na chini. Gia ya mota aliizungusha kwa ncha ya kidole, jino kwa jino, mpaka mikono ikaanza kurudi. Kisha akaja kwenye utepe uliojiviringisha, akauondoa mzunguko mmoja mmoja kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa na kijana wa mama. Saa mbili usiku kanda ikatoka. Utepe haukuwa umekatika popote. Kipande cha kama dhiraa moja kilikuwa na mikunjo.

Alituambia jambo lililotunyamazisha. Hata kama tungekata saa tisa ile, mpira uliolegea ungebaki vilevile, na deki ingemeza kanda ya tano kama ilivyomeza ya nne. Mkasi ungetuokolea jioni ile tu, labda muda wa kanda mbili. Tulikuwa tayari kupoteza sauti ya marehemu kabla ya kuuliza kama ugonjwa uko kwenye kanda au kwenye mashine.

Ijumaa asubuhi aliuchemsha mpira ndani ya sufuria ili ujikaze. Ni dawa ya muda, mafundi wote wanajua, lakini hushika siku chache. Alipojaribu deki ikiwa wazi, aliomba kipande cha boksi afunike juu. Mzee mmoja alidhani ni uganga. Kumbe deki hujua mwisho wa kanda kwa mwanga unaopenya sehemu ya utepe isiyo na rangi, na jua la dirishani likiingia, hudhani kanda imekwisha, ikagoma. Saa nne kazi ikaendelea, mpaka usiku wa manane karibu.

Ile arusi tuliitazama pamoja. Sauti ya video huandikwa kwenye ukingo wa juu wa utepe, na mikunjo ilikuwa hapo, kwa hiyo kwa muda wa kama sekunde 20 mshereheshaji anafungua kinywa akitaja zawadi na hasikiki. Baadaye kidogo bwana arusi anasimama kushukuru, naye anasikika. Mwanawe, ambaye alikuwa tumboni baba alipofariki, alisema, "Anaongea kama mimi." Hatuna la kuongeza hapo.

Lakini gari liliondoka Jumamosi asubuhi, na kanda mbili hazikunakiliwa.

Mmoja wa wenye kanda hizo, baba mwenye heshima, alikuja ofisini wiki iliyofuata. Akasema, "Mchungaji, mlimhurumia mmoja kwa saa zangu." Tulimjibu kwamba kuchelewesha si kuharibu, kanda yake ingalipo, na ya mama isingekuwepo. Jibu hilo tunaliamini, ila halitoshi. Utepe huzeeka, ukungu huingia wakati wa masika, na kuchelewesha nako ipo siku hugeuka kuwa kuharibu. Alikuwa na haki ya kutokubali.

Tulipokaa peke yetu ndipo tukaona kosa letu la kweli. Siku ile tuliketi kama waamuzi kati ya mjane na familia zinazongoja, kana kwamba deni lilikuwa kati yao. Halikuwa kati yao. Wiki mbili kabla ya siku ile fundi alikuwa ameomba kuifungua deki aikague, kwa malipo yasiyozidi bei ya kuku wawili. Kamati ikasema ni kupoteza pesa, mashine si imelala tu? Mwenyekiti wa kamati ndiye anayeandika hapa. Mjane hakukosa kitu, na wale waliongoja hawakukosa kitu. Mdaiwa alikuwa mwamuzi, na mwamuzi akatafuta ni nani kati ya wadai wawili atakayelipa. Kama tungeliona hilo saa tisa alasiri, tusingelizungumzia mkasi. Tungeliomba radhi, tukamlipa fundi, na kumtafutia kijana yule nauli ya siku nyingine.

Kwa hiyo tumelikiri mbele ya ushirika, nasi tunalikiri hapa tena kwa wale ambao hawakuwepo. Fundi alipata mpira mpya mjini na kuufunga, kwa gharama ya kanisa. Kijana wa kompyuta amehama, na wa pili tuliyemwomba bado hajapata nafasi. Majina mawili ya kwanza kwenye daftari yanajulikana. Fundi alimshauri yule baba asiiache kanda imelala muda mrefu, utepe usije ukagandana. Huja nayo siku moja moja baada ya ibada. Huisukuma ndani ya deki, nayo huipokea mara moja bila kuitema. Huipeleka mpaka mwisho, kisha huirudisha mpaka mwanzo, bila kuwasha runinga, halafu huifunga tena katika nailoni na kwenda nayo nyumbani.