Nani Ampe Mangi Mwendo?

Filamu ya kuchora kwa mkono huanza na hesabu. Kila sekunde hupita picha 24 kwenye skrini. Wachoraji wengi huchora 12 tu, kila mchoro wakaupiga picha mara mbili, na jicho la mtazamaji huridhika. Kwa hiyo dakika moja ya filamu hula karatasi 720. Rimu nzima haitoshi. Mwanafunzi anayefanya mradi wa kumaliza masomo huweka kioo juu ya taa, hupanga karatasi juu yake ili mchoro uliotangulia uonekane kwa chini, huchora unaofuata ukiwa umesogea kidogo, kisha hupiga picha kila karatasi kwa simu iliyofungwa mahali pamoja isitikisike. Jioni nzima inaweza kuisha kwa mtu mmoja kuinua mkono.

Sasa tuseme mwanafunzi huyo ni mzaliwa wa Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, na mtu anayetaka kumchora ni Mangi, yaani chifu, Meli.

Meli, mwana wa Mangi Rindi, alirithi utawala wa Moshi mwaka 1891 akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa hapo Old Moshi katika kundi la watu 19, wakiwamo viongozi wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Familia yake na wazee wa huko wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia zaidi ya nusu karne kukidai. Septemba 2023, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin, ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Fuvu moja lilikuwa la Akida, mshauri mkuu wa Meli; vinasaba vyake vililingana na vya mzao wake aliye hai. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa.

Basi kabla penseli haijagusa karatasi, kuna swali. Je, mtu ana haki ya kumtembeza, kumsemesha na kumgeuza uso marehemu ambaye maziko yake hayajakamilika?

Wapo waliokwisha kulikabili. Mwaka 2018 kundi la sanaa la Flinn Works kutoka Ujerumani lilitayarisha maonyesho ya Mangi Meli Remains, yenye filamu ya animesheni juu ya kisa hicho, na maonyesho yakafika hadi Old Moshi kwenyewe. Mwaka 2024 ikatoka The Empty Grave, filamu ya hali halisi ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, inayozifuata familia za Songea na Meru katika kuwatafuta wazee wao. Kijana atakayeshika penseli leo anaingia katika kazi yenye watangulizi. Tofauti yake ni kwamba yeye ataendelea kuishi kati ya watu wanaohusika, atasalimiana nao sokoni na kukaa nao kanisani au msikitini.

Na Moshi ni mji ambamo swali la picha hujibiwa kwa namna tatu ndani ya mtaa mmoja.

Muislamu atakumbuka hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, zinazowaonya wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho kwamba Siku ya Kiyama wataamriwa wavitie uhai walivyoviumba. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipofikiwa na mtu aliyekula kwa kazi hiyo, alimshauri achore miti na vitu visivyo na roho. Wanazuoni wa leo wanatofautiana: wako wanaokataza kabisa, na wako wanaoruhusu katuni za kufundishia watoto, wakirejea wanasesere aliochezea Bibi Aisha. Lakini onyo lenyewe linaigusa animesheni kuliko sanaa nyingine za picha, kwa kuwa mchongaji huiacha sanamu yake imesimama, ilhali mchora katuni anataka yake inyanyuke itembee. Hata asiye Muislamu anapaswa kuketi na onyo hilo. Linamuuliza msanii anajiweka katika nafasi ya nani.

Kanisa nalo liligombana juu ya jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Amri ya kutojifanyia sanamu, iliyomo katika Kutoka 20, inajulikana na kila mtoto wa kipaimara. Katika karne ya 8 Yohane wa Damasko, akiishi chini ya utawala wa Kiislamu, alitetea picha takatifu kwa hoja kwamba heshima inayopewa picha humfikia yule aliyechorwa, na Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787 ukaipokea hoja hiyo. Mwaka 1522 Martin Luther alirudi Wittenberg na kuhubiri dhidi ya pupa ya kuvunja picha makanisani. Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao makuu Moshi mjini, na Wakatoliki wa Kilema, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwanzoni mwa miaka ya 1890, ni warithi wa mabishano hayo. Mkristo wa Kilimanjaro kwa kawaida haoni taabu kuitundika picha ya marehemu babu sebuleni. Lakini hoja ya Yohane ina upande wa pili ambao mwanafunzi hawezi kuukwepa: kama heshima hupita kwenye picha ikamfikia mtu, dharau nayo hupita njia hiyo hiyo.

Jibu la tatu ni la kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Zamani, katika sehemu kadhaa za Uchagani, marehemu alizikwa nyumbani. Baada ya muda mifupa ilifukuliwa, na fuvu likawekwa kwa heshima ndani ya shamba la migomba, mahali palipopandwa mimea ya masale. Siku hizi kuna makaburi ya saruji yenye misalaba, ila marehemu hajahama. Yuko kati ya migomba na mibuni, na wanaopanda mlimani kila Desemba kutoka Dar es Salaam na Arusha hufika kwake kabla hawajamaliza kusalimia jirani. Kwa mtazamo huu wafu wana haki zao: mahali, jina, na kushirikishwa katika mambo ya nyumba. Ndiyo maana kupotea kwa kichwa cha Meli ni jeraha la aina yake. Kilichochukuliwa ni kile hasa ambacho kingekaa kihambani.

Mwanateolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza hali ya wafu. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomfahamu bado yumo katika sasa; akifa mtu wa mwisho aliyemfahamu, huzama katika zamani. Kwa kipimo hicho Meli angekuwa amezama siku nyingi, kwani hakuna aliye hai aliyewahi kumwona. Hata hivyo familia yake inamtafuta kwa vipimo vya vinasaba, inaandika barua kwa ajili yake, inamsubiri. Kisa cha Old Moshi kinadai nyongeza katika fikra za Mbiti: maziko yasiyokamilika humzuia mtu asiondoke katika sasa. Filamu ya mwanafunzi, basi, haimfufui mtu wa kale. Inatoa ushahidi katika shauri ambalo bado liko wazi, na mchoraji anapaswa kuwa na uangalifu wa shahidi.

Uangalifu huo unahitaji kujua kwanza mwendo unatoka wapi. Zeno wa Elea, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alidai kwamba mshale uliorushwa umetulia katika kila nukta ya safari yake, na kwa hiyo hausogei kamwe. Karatasi 12 za mchora katuni zimetulia kweli. Hakuna hata moja yenye mwendo. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha majaribio aliyoyafanya Frankfurt: mistari miwili ikionyeshwa kwa kupokezana, kwa kasi inayofaa, watu huona mstari mmoja ukihama kutoka upande huu kwenda ule, ingawa hakuna kilichohama. Mwendo hukamilishwa na mtazamaji.

Ugunduzi huo ni wa maabara, lakini una uzito wa kimaadili. Mchoraji hamtii Meli uhai. Anaweka alama kwenye karatasi, na watu walioketi ukumbini ndio wanaoikamilisha hatua yake akilini mwao. Hilo linapunguza majivuno ya msanii, na papo hapo linaongeza wajibu wake. Mtoto wa Old Moshi atakayemwona Meli akipiga magoti mbele ya ofisa wa Kijerumani atakuwa amempigisha magoti hayo yeye mwenyewe, kwa akili yake, bila kuulizwa kama anakubali. Kama hakuna simulizi wala maandishi yanayosema kwamba Meli alipiga magoti, mwanafunzi amemfanya mtoto huyo ashiriki katika uongo juu ya mzee wake.

Baada ya hapo linakuja swali la kazi: Meli alitembeaje? Hakuna filamu yake. Picha za Uchagani za enzi hizo zilipigwa na wageni, na watu waliomo wamesimamishwa watulie tuli mpaka kamera imalize. Mwendo lazima uazimwe. Max Fleischer, mchora katuni wa New York, alimpiga filamu ndugu yake Dave akiwa amevaa nguo za mchekeshaji, akafuatisha umbo lake picha kwa picha, na mwaka 1917 akapewa hataza ya mbinu hiyo. Mwanafunzi wa Old Moshi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu, akimpiga video mzee jirani anayepanda njia ya kwenda nyumbani kwake. Mteremko huubadili mwili wote. Anayepanda huinamisha kifua, hukanyagia zaidi sehemu ya mbele ya mguu, na goti hubeba kazi. Anayeshuka hurudisha uzito nyuma na kufupisha hatua. Msanii aliyekulia kwenye barabara tambarare za Dar es Salaam, akichora kwa kubuni tu, angempa Mangi mwendo wa mtu wa Kariakoo.

Kwa hiyo hatua za marehemu zitatoka kwa mtu aliye hai, mwenye jina na pengine goti linalouma. Naye anastahili kuelezwa kwamba mwili wake unakwenda kuwa mwili wa Mangi, na kuruhusiwa kukataa.

Mashine haina mashauriano ya namna hiyo. Mwaka 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa huduma iitwayo Deep Nostalgia, inayoifanya picha ya zamani ipepese macho, igeuze kichwa na kutabasamu kwa miondoko iliyorekodiwa kutoka kwa watu wengine kabisa. Wako waliofurahi kuwaona wazazi wao wakiwatazama tena, na furaha hiyo haifai kubezwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeamua kuwa bibi huyu alitabasamu hivi. Anayechora kwa mkono hana pa kujificha. Katika zile karatasi 720 hakuna kidole kilichokunjwa bila yeye kuchagua kikunjwe, na akiulizwa sababu, lazima awe na jibu.

Mradi wa mwanafunzi unaweza kuubeba mzigo huu? Upo mfano wa jirani. Mwaka 2012 Mkenya Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever kama kazi yake ya kuhitimu katika Royal College of Art, London. Ni filamu ya dakika saba hivi juu ya wanawake wa Kiafrika, ngozi na tamaa ya weupe. Ndani yake michoro inachanganyika na miili ya watu halisi, na sauti zinazosikika zinatoka katika familia yake, akiwamo mtoto mdogo. Mchoraji hakujipa mamlaka ya kuwasemea. Aliwasikiliza kwanza, kisha mkono wake ukafuata sauti zao. Kwa kisa cha Meli, mpango huo ungekuwa na maana ya kurekodi wazee wakisimulia kwa Kichagga chao cha Kimochi, na kuacha pumzi na kusita kwao kuamue filamu iende haraka au polepole.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kitanzi. Simulizi za Old Moshi zinasema Meli alichukua saa nyingi kukata roho. Katika animesheni, mwili unaoning'inia ni kazi rahisi ya kutisha: michoro michache inayokwenda na kurudi, ikarudiwa mara thelathini, na nusu dakika imejaa bila jasho. Mwanafunzi aliyebanwa na tarehe ya kukabidhi kazi atashawishika. Lakini tukizingatia alichoonyesha Wertheimer, kila mzunguko ni unyongaji mpya unaokamilishwa na watazamaji, na baadhi yao ni vitukuu. Hapo ushauri wa Ibn Abbas unamfaa hata mchoraji Mkristo: achore mti. Mti ambao wenyeji huuonyesha kuwa ndio alionyongewa Meli unajulikana na kila mtu, na matawi yake yanaweza kubeba sauti ya msimulizi kwa muda wowote utakaohitajika. Na kichwa kisirudishwe kwa uchawi wa penseli. Filamu inayomzika Meli salama kihambani mwake ingewapa watazamaji faraja ambayo familia haijaipata, na ingewapunguzia deni wanaodaiwa Berlin.

Yote haya yanadai ruhusa, na ruhusa ina utaratibu wake. Mwanafunzi atakwenda kwa ukoo kabla ya kuchora, pamoja na mtu mzima wa nyumbani kwao wa kumsindikiza, na atakubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Wakisema ndiyo, maonyesho ya kwanza yafanyike Old Moshi, kwa shuka jeupe na projekta ya kuazima ya shule au usharika, kabla filamu haijafika kwa msahihishaji wa chuo au kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar. Ratiba ya mradi iache wiki kadhaa baada ya siku hiyo. Wazee watasema mkuki haukushikwa hivyo, au Mangi asingekaa mbele ya wakubwa zake kwa namna ile, na mwanafunzi atahitaji muda, na rimu nyingine ya karatasi, kuchora upya walichokikataa.