Bunduki, Kisu na Nyama ya Kulungu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imetufikia barua kutoka mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwenye kuiandika ni kijana aliyekuwa akihudhuria darasa yetu hii kabla hajahama, na sasa akaa huko na mkewe na wazee wa mkewe. Atwambia kwamba msimu uliopita alikata leseni, akahudhuria mafunzo yanayolazimishwa na serikali ya huko kwa mwindaji mpya, akaazima bunduki ya rafiki yake Mwislamu, wakatoka pamoja kuwinda kulungu. Wakapata wawili. Jike alipigwa asubuhi, akaanguka pale pale akafa. Dume alipigwa magharibi, risasi ikaingia tumboni, akakimbia. Wakamwona baada ya nusu saa kwa mwangaza wa taa, naye bado ainua kichwa. Kisu walikuwa wamekiacha garini. Yule rafiki akapiga mbio kukifuata, na kabla hajarudi mnyama akafa. Nyama zote wakazikata, wakazitia katika jokofu. Zilipopikwa, baba wa mkewe akakataa kuzionja, akasema kwamba mnyama aliyeuawa kwa bunduki ni mzoga, na kwamba hivyo ndivyo alivyosomeshwa. Tangu siku hiyo nyumba imeingia baridi, na kijana atuuliza mambo mawili: nyama hii ni halali au si halali, na anunue bunduki gani yake mwenyewe.

Twaanza kwa kukiri kwamba sisi hatukupata kuwinda. Nchi yetu ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sharia ya wanyama pori ya mwaka 2013 ikalitilia nguvu katazo hilo. Basi asije mtu akaichukua makala hii akaenda nayo msituni Boni. Yahusuyo bunduki tumewauliza wanaozitumia, na yahusuyo dini tumeyarejea katika vitabu. Mnyama mwenyewe si huyu kulungu wetu, ambaye pembe zake hukaa naye maisha. Wa huko mkia wake ni mweupe kwa chini, na dume lake huangusha pembe kila mwaka likaota nyingine. Akikomaa huweza kufika kilo 100 na zaidi. Waarabu humwita ayyil, na kuliwa kwake hakuna khitilafu.

Kauli ya mzee haikutoka hewani. Wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wameandika kwamba kinachouawa kwa bunduki hakiliwi, na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba kilichouawa kwa bunduqa ni katika waliokufa kwa kupigwa, ambao Mwenyezi Mungu amewaharamisha katika Suratul Maida. Walakini ndugu zetu, tutazame bunduqa ya Ibn Umar ilikuwa kitu gani. Ilikuwa ni donge la udongo lililofinyangwa na kukaushwa, likirushwa kwa upinde. Donge hilo halitoboi. Huvunja na kuponda kwa uzito wake, kama jiwe na kama rungu. Baruti ilipokuja na mtutu wa chuma, watu wakalitwaa jina la zamani wakalipa chombo kipya, nasi Waswahili tukalipokea tukasema bunduki. Jina ni moja na vitu ni viwili. Je, hukumu hufuata jina au hufuata kitu?

Jawabu tunalo katika hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Adiy alikuwa mwindaji, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mi'radhi, nayo ni fimbo nzito ya kurushia mawindo. Akajibiwa kwamba ikimtoboa mnyama kwa ncha yake na ale, na ikimpiga kwa ubavu wake asile, kwa kuwa huyo amekufa kwa kupigwa. Fimbo ni ile ile moja! Mara yahalalisha, mara yaharamisha, na kinachotenganisha ni kutoboa. Kwa hivyo Imamu Shawkani wa Yemeni, aliyekufa mwaka 1834, alipoulizwa khabari ya bunduki za baruti na risasi alisema kwamba zahalalisha, kwa sababu risasi hutoboa ikaingia upande huu na pengine ikatokea upande wa pili. Na kabla yake Dardir, katika wanavyuoni wa Kimaliki wa Misri, alikwisha kuzihalalisha. Sisi twaifuata kauli hii, wala hatumwoni mzee kuwa mjinga kwa kuishika ile aliyoipokea kwa masheikh zake. Kijana asimwite mtu wa zamani, na mzee asimwite kijana mla mizoga.

Ikiwa uhalali umesimama juu ya kutoboa, basi suala la pili la kijana, anunue bunduki gani, si suala la duka peke yake. Imepokewa na Shaddad bin Aws kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hatta katika kuchinja, ndipo Mtume (S.A.W.) akaamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Mchinjaji hunoa kisu. Mwindaji hunoa nini? Hunoa shabaha yake. Na amepokea Abdullah bin Mughaffal kwamba Mtume alikataza kufyatua vijiwe kwa vidole, kwa sababu havipati windo wala havimwui adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Twaona katazo hilo lamfikia mwenye kumpiga mnyama mkubwa kwa risasi nyembamba ya kuulia sungura, akamwacha aende akafie mbali.

Basi tulivyoelezwa ni hivi. Huko Ohio hairuhusiwi kuwinda kulungu kwa kila bunduki. Zamani ilikuwa ni bunduki za kuvunja, zenye risasi moja nzito, na magobori katika msimu wake. Tangu mwaka 2014 zimeruhusiwa pia bunduki za mtutu wa misokoto, kwa sharti ganda la risasi liwe limenyooka kama mwanzi, lisibanwe shingoni kama chupa. Risasi za ganda la chupa, kama .308 na .30-06 zinazosifiwa sana mahali pengine, huenda mbali mno, na huko mashamba na nyumba zi karibu. Katika zile zilizonyooka wanaozijua walitutajia mbili: .450 Bushmaster, yenye nguvu nyingi na teke kubwa begani, na .350 Legend, iliyotoka mwaka 2019, ambayo teke lake ni dogo na nguvu zake zatosha kwa kulungu katika hatua mia na hamsini.

Kijana wetu ameandika kwamba roho yake imeipenda ile kubwa. Sisi twamnasihi achukue ndogo. Bunduki inayompiga teke mwenyewe humfundisha woga. Akaanza kufumba macho na kuikaza mikono kabla ya mshindo, na risasi ikaacha moyo na mapafu, ikaenda tumboni. Na tumboni ndiko alikompiga yule dume kwa bunduki ya kuazima ambayo, kwa kauli yake, hakupata kuipigia shabaha hatta mara moja. Hili ndilo lililotuudhi katika barua nzima. Aazimaye kisu cha kuchinjia hukipitisha kidoleni aone makali yake; vipi mtu atoke na bunduki asiyoijua inapiga juu au chini? Na anunue risasi mbili za shabaha kwa kila senti aliyotaka kuitia katika nakshi za kitako. Aifunge darubini yake, aweke karatasi hatua mia, apige mpaka risasi tatu ziingie mahali pa kiganja, kisha aende msituni. Na siku ya kuwinda, jua likiwa limetua na mnyama haonekani bega lake, amwache. Sharia ya huko yampa nusu saa baada ya kutua jua. Lakini ruhusa ya serikali haimpi mtu macho.

Kadhalika aina ya risasi. Ile ya kijeshi isiyofunguka hupita kama sindano, na mnyama hukimbia na tundu dogo; ifunguayo kichwa chake baada ya kuingia ndiyo iuayo upesi, nayo haikutoka katika hukumu ya kutoboa, kwa kuwa imetoboa kwanza. Wako wanaotumia za shaba badala ya risasi ya madini, kwa kuwa madini hayo humeguka vipande vidogo mno ndani ya nyama, nayo ni sumu, khasa kwa watoto. Asiyezipata za shaba na aikate nyama ya kando ya jeraha aitupe, wala asione uchungu.

Nguo za mabaka, viatu vya bei, marashi ya kuficha harufu ya mtu: haya hatuna la kusema ila kwamba duka halishibi. Kizibao cha rangi ya chungwa ni lazima kwa sharia, na ni rehema, kwa maana kimeletwa ili watu wasiuane. Apandaye ulingo juu ya mti na ajifunge mkanda. Kuanguka ulingoni kumewavunja wengi kuliko risasi. Na amtakaye mnyama kwa ajili ya pembe za kutundika ukutani, nyama akaiacha, huyo hakuwinda. Amecheza na roho.

Sasa tufike kwenye chombo cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ni kisu. Tumestaajabu kuona jinsi fakihi zetu walivyokizingatia. Imamu Nawawi katika Minhaji aeleza kwamba mwindaji akimkuta mnyama angali na uhai, kisha akafa kabla ya kuchinjwa, hutazamwa: ikiwa mwindaji hakuzembea, kama vile aliyekuwa achomoa kisu na mnyama akakata roho, ni halali, na ikiwa amekufa kwa uzembe wake, kama vile kutokuwa na kisu, au kisu kukwama ndani ya ala yake, ni haramu. Ndani ya ala, ndugu zetu! Kisu kiko kiunoni, lakini mwenyewe hakukijaribu nyumbani kama chachomoka, na kwa ajili hiyo mnyama mzima amekuwa mzoga. Basi itakuwaje kwa kisu kilichoachwa garini?

Bismillahi nayo ina wakati wake. Kwetu ni sunna, na kwa wengine ni wajibu; na mahali pake ni wakati wa kufyatua, si wakati wa kutia risasi.

Ameuliza pia juu ya mnyama aliyepotea usiku akaonekana asubuhi amekufa. Katika Minhaji imetiwa nguvu kauli ya kuharimika, lakini Nawawi mwenyewe kwengineko amekhitari kuhalalika, kwa usahihi wa hadithi: Adiy aliruhusiwa kula windo aliloliona baada ya siku moja au mbili, ikiwa halina athari ila ya mshale wake. Twafuata hadithi. Akimkuta majini asile, kwa kuwa hajui ni risasi iliyomwua au ni maji. Na akinuka amwache. Na kuna ugonjwa wa kukondesha, unaoharibu ubongo wa kulungu, ambao kwa wanyama wa mwituni wa Ohio umeonekana tangu mwaka 2020. Haujathibitika kumwingia binadamu, lakini madaktari wa serikali ya Marekani wanasihi asiliwe mnyama aliyepimwa akaonekana nao. Kichwa chaweza kupelekwa kupimwa. Na apeleke, angoje jawabu kabla ya kupika.

Jawabu letu kwa kijana ni kwamba jike yule, aliyetobolewa na risasi akafa papo hapo, ni halali, na mzee akipenda ale na asipopenda asilazimishwe. Dume si halali. Katika dume yule mzee amepata haki, ijapokuwa kwa sababu nyengine: bunduki haikumharamisha, aliyemharamisha ni aliyeacha kisu. Tunajua neno hili ni zito kwa mtu aliyesimama gizani akimtazama mnyama akikata roho naye hana la kufanya, lakini tumeulizwa.

Limebaki jokofu. Ameandika kwamba vifurushi havikutiwa alama. Ikiwa yeye au rafiki yake aweza kuvitambua kwa yakini, kwa mkato au kwa karatasi, na avitenge, vya dume avifukie, asimgawie jirani Mwislamu. Na ikiwa vimechanganyika vikawa havijulikani, katika madhehebu yetu mzoga na kilichohalalika vikichanganyika hivi mtu habahatishi kwa dhana. Na aviache vyote, hatta vya yule jike. Ampelekee mzee salamu zetu, na msimu ujao amwombe waongozane, mzee ndiye ashike kisu.